Uzi: Bustani za maua Mwanza, kazi za mwisho wa kiangazi kabla vuli haijatukuta

Bustani ya Miambani (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Leo naomba tuzungumzie maua. Najua humu watu wa mpunga, mahindi na nyanya ndio wengi, lakini kila nikipita Isamilo, Kitangiri mpaka huku Bwiru naona nyua zenye maua yaliyokaa kama yamepitiwa na moto, na ukimuuliza mwenye nyumba anakujibu "tunasubiri mvua". Uzi huu nimeufungua kwa sababu ya jibu hilo. Ukisubiri mvua ndipo uanze, umeshachelewa. Kazi kubwa ya bustani ya maua kwa Mwanza ni ya Septemba hii, vumbi likiwa vumbi na jua likiwa kali, ili tone la kwanza la vuli likute kila kitu kimeshakaa mahali pake.

Nieleze nilivyojifunza, maana ilinigharimu. Mama yangu ana mawaridi nyuma ya nyumba, wakati huo yalikuwa vichaka kumi na moja, mengine ameyaotesha mwenyewe kwa vijiti alivyopewa na wenzake wa jumuiya. Miaka mitatu iliyopita, mwezi Agosti, nikasoma mtandaoni kalenda ya bustani ya Uingereza. Imeandikwa vizuri, ina picha, inasema mwisho wa majira ya joto kata mawaridi yanayotambaa, ondoa matawi ya zamani. Nikachukua mkasi nikakata ya mama yote mpaka magotini, nikayamwagia na yurea juu yake. Baada ya wiki mbili yakatoa machipukizi mekundu laini, nikafurahi. Baada ya wiki nyingine mbili machipukizi yale yalikuwa yamekunjamana kama karatasi iliyoshikwa na joto la jiko. Mama hakunigombeza. Alivunja tawi moja kwa vidole, akanionyesha ndani: kahawia mpaka chini, bila unyevu hata kidogo. Akasema, "Hili umeliamsha halafu hukulipa maji." Vichaka vinne vilikufa.

Nimeitafakari sana ile kalenda. Ilikuwa sahihi, ila kwa wao. Kule London siku ya Juni ina zaidi ya saa 16 za mwanga, ya Desemba haifiki saa 8. Mmea wa kule unalazwa na baridi na giza. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, siku ndefu na siku fupi zetu hazipishani hata nusu saa mwaka mzima. Mmea wetu unalazwa na kiu. Usingizi wake ni Juni mpaka Septemba. Kwa hiyo wao mwisho wa majira ya joto ni jioni, mmea unajiandaa kulala. Sisi mwisho wa kiangazi ni alfajiri, mmea unataka kuamka. Ukifuata kazi za jioni wakati wa alfajiri utaharibu, hata kama mkono wako ni mzuri.

Sasa kazi zenyewe. Nianze na maji, kwa sababu bila hayo mengine yote ni maneno.

Sisi wa milimani tuna majabali uani, na jabali lina tabia mbili. Mchana linakunywa jua, usiku linalitema. Liguse saa mbili usiku mwezi huu, utalikuta bado lina vuguvugu. Mche uliopandwa futi moja kutoka kwenye jiwe haupumziki mchana wala usiku. Hapo usiweke waridi. Weka mshubiri, adeniamu, au bogenvilia, vitu ambavyo joto ni nyumbani kwao. Tabia ya pili ni kwamba mvua ikinyesha, jabali halinywi hata tone. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Jabali lenye mita za mraba 30 likipata milimita 20, hizo ni lita 600 zinashuka kwa muda mfupi, na kama hukuzitengenezea njia zitabeba udongo wako wote mpaka kwa jirani wa chini. Septemba hii, udongo ukiwa mkavu na unaona mteremko ulivyo, chimba mfereji wa upana wa jembe chini ya jabali, uelekeze kwenye beseni la kupandia, na upande wa chini panga mawe madogo bila saruji. Maji yapite polepole, udongo ubaki.

Kwa wakati huu ambao bado hakuna mvua, mwagilia mara chache na kwa wingi. Keni moja kila jioni inalowanisha vidole viwili vya juu tu, mizizi inapanda kuyafuata maji na jua linaikuta huko juu. Afadhali ndoo nzima ya lita 20 kwa kichaka kimoja kila baada ya siku nne, asubuhi kabla ya saa mbili. Mama ana mbinu yake bora kuliko zote: mtungi wa udongo usiopakwa rangi, anauzika mpaka shingoni katikati ya mimea mitatu, anaujaza, anaufunika kwa sahani ili mbu wasizalie. Maji yanapenya yenyewe kwenye ukuta wa mtungi kadiri udongo wa nje unavyokauka. Nilifukua mmoja mwaka jana nikakuta mizizi midogo myeupe imeukumbatia pande zote kama wavu wa dagaa.

Juu ya udongo tandaza maganda ya mpunga au nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Acha upana wa kiganja kuzunguka shina, kwa sababu mwezi huu mchwa wana njaa, na wakipewa nyasi zinazogusa shina wanaanza na nyasi wanamalizia na gome.

Mawaridi mimi nakata kati ya tarehe 10 na 25 Septemba, na nakata theluthi tu. Waridi la hapa halilali kabisa kama la Ulaya, halihitaji kukatwa mpaka magotini. Toa kwanza matawi makavu, halafu yanayosuguana, halafu ncha. Kata mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lifunguke kwenda nje na katikati papite hewa. Mkasi ufutwe kwa spiriti kutoka kichaka hadi kichaka. Kutoka kukata mpaka kuchanua ni wiki sita mpaka nane, kwa hiyo uliyokata sasa yatakuwa na maua Novemba, na machipukizi yake yatakutana na mvua badala ya kukutana na jua tupu. Anayetaka mawaridi ya Krismasi akate tena kidogo wiki ya kwanza ya Novemba.

Mbolea ya dukani msiweke sasa, tafadhali. Ile ni chumvi. Ikikaa kwenye udongo mkavu inavuta maji kutoka kwenye mizizi, na ndicho nilichowafanyia wale wanne. Samadi iliyooza ndiyo ya kuweka sasa, ichanganyike na udongo taratibu. Ya dukani ngojea mvua mbili tatu za kweli.

Halafu geuza majani uangalie chini. Kiangazi ndio msimu wa utitiri mwekundu. Ukiona jani lina vidoa vidogo vya njano kama limenyunyiziwa unga wa dona, na chini kuna utando mwembamba, ndio hao. Wanapenda ukavu na vumbi. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku tatu nne mfululizo. Wengi wanaanguka na hawarudi. Wakizidi, maji ya sabuni kidogo au ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha, gramu 50 kwa lita. Nyunyizia jioni, jua lisije likaunguza jani lenye sabuni.

Mbegu pia zinakusanywa sasa. Sinia, kosmosi na merigoldi zilizokauka juu ya mti wenyewe zichumwe adhuhuri hakuna umande, zianikwe kivulini siku chache, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi na tarehe juu. Nailoni hapana, inatoa jasho. Mwisho wa mwezi zisieni kwenye makopo chini ya kivuli. Sinia inaota ndani ya wiki moja, na mvua zikitulia miche ina majani manne, iko tayari kutoka.

Karibuni wadau, nani ana uzoefu wake?

Dada wa Nyegezi

Asante sana kaka, huu uzi nimeuhifadhi. Naomba msaada wa bogenvilia. Ninayo ukutani, ina miaka mitano, majani mabichi kabisa yanang'aa, inarefuka mpaka inataka kuingia darini, lakini rangi hamna. Ya jirani imejaa zambarau mpaka majani hayaonekani na yeye hata haimwagilii. Mimi naimwagilia kila siku pamoja na nyasi.

Bustani ya Miambani

Dada, umeshajijibu mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na inatoa rangi ikibanwa. Ukiipa maji kila siku na ile mbolea ya nyasi, inaamua kukua badala ya kuchanua. Kumbuka hiyo rangi siyo ua, ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni lile jeupe dogo katikati, ukisogeza jicho utaliona kama kijitarumbeta.

Fanya hivi: acha kuimwagilia kabisa kwa wiki tatu. Ukiona majani yanalegea kidogo mchana, mpe ndoo moja, acha tena. Inahitaji jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, kwa hiyo kama kuna mwembe unaoifunika punguza mwembe. Usiikate sasa. Ya jirani yako ambayo imejaa rangi ndiyo ya kukata, rangi ikishaanza kudondoka na mawingu yakionekana. Kata machipukizi yale marefu, acha mifupa ya mti. Vijiti utakavyovitoa usivitupe, chagua vyenye unene wa penseli vilivyoanza kuwa vigumu, urefu wa sentimita 15 mpaka 20, chomeka kwenye kiriba chenye mchanga mwingi, weka kivulini. Uwe na subira, vinaweza kuchukua miezi miwili kutoa mizizi ya kuaminika. Majani yakitoka mapema usidanganyike ukahamisha, yale yanakula akiba ya kijiti.

Mzee wa Kisesa

Vijana wangu, nimesoma. Nina la kuongeza na la kupinga.

La kuongeza. Mleta uzi anaongea udongo wa luseni, ule wa kichanga unaotokana na hayo majabali yenu. Sisi wa huku bondeni tuna mbuga, udongo mweusi. Mwezi huu umepasuka, mkono wangu unaingia kwenye ufa mpaka kwenye kiwiko. Mbuga ukiulima mkavu ni mawe, ukiulima umelowa ni gundi. Kazi yake ya Septemba ni kuinua matuta, nusu mita juu ya ardhi, ukichanganya samadi ya zizini na mchanga. Mvua zikija, maua hayafi kwa kiu huku, yanakufa kwa kuzama. Kana ndiyo ua la mbuga. Linapenda maji. Fukueni matunguu yake sasa, kila kipande kiwe na macho mawili matatu, pandeni upya kwa nafasi, maana kana iliyokaa miaka minne bila kugawanywa inachanua pembeni tu, katikati inabaki mfu.

Na samadi iwe imeoza kweli. Ikiwa bado ina harufu na ukiishika ina joto, hiyo bado. Ya ng'ombe mimi naipa miezi mitatu chini ya majani ya migomba, naigeuza. Ya kuku kaa nayo mbali na maua mpaka imekuwa kama udongo.

Lile ua jekundu la mviringo kama mpira, linalochomoza ardhini peke yake mvua za kwanza, mnalijua? Liko kwenye vichaka vyetu tangu tukiwa wadogo tunachunga. Kitunguu chake sasa hivi kimelala chini, huoni kitu. Wengi wanakikata kwa jembe Septemba bila kujua. Mke wangu huweka vijiti vitatu mahali kilipo tangu Mei, majani yanapoanza kufa. Wekeni alama. Na mbuzi wasikifikie, kina sumu.

La kupinga ni hili la kukata mawaridi tarehe 10. Mvua za mwanzo zinadanganya. Zinanyesha siku mbili, halafu jua linarudi wiki tatu kama kwamba halikuondoka. Mti ulioukata unachipua kwa zile mbili, unakutwa na zile tatu. Mimi nakata mwezi wa kumi, baada ya mvua ya tatu.

Bustani ya Miambani

Shikamoo mzee. Wabeja sana kwa hayo, hasa hiyo ya kuweka alama, sisi tumelikata la kwetu zaidi ya mara moja.

Kwenye kukata nakubaliana nawe kwa mtu asiye na maji ya akiba. Aliye na pipa au mitungi ya kuzika akate Septemba, kwa sababu zile wiki tatu ataivusha mimea kwa ndoo. Asiye nayo asubiri kama unavyosema. Kinachonitia wasiwasi kwenye kukata katikati ya mvua ni madoa meusi. Kidonda kibichi, majani yamelowa siku nzima, fangasi hapo wamepata makao. Mzee, huko bondeni huyapati?

Mzee wa Kisesa

Marahaba. Nayapata, ndiyo. Naokota majani yote yaliyoanguka nayachoma, na mti naumwagilia chini, siyo juu. Lakini ni kweli mwaka wa mvua nyingi yananishinda. Huko kwenu kuna upepo wa ziwani mchana unakausha majani, hapa kwetu hewa imetulia. Labda ndiyo tofauti yetu.

Kitalu cha Igoma

Mimi nauza miche kando ya barabara, mwaka wa saba huu. Niseme upande wa muuzaji.

Wateja wanakuja Desemba, wana haraka ya sikukuu, wanachukua mche uliochanua. Mche uliochanua ndani ya kiriba unapendeza machoni ila nguvu imeshaishia kwenye ua. Chukua mfupi, mnene, usio na ua bado. Pindua kiriba: mizizi ikiwa imeshatoboa na kuzunguka chini kama kamba, uachane nao au ukate duara hilo kwa wembe kabla ya kupanda. Jambo la pili, miche yetu imekulia chini ya neti. Ukiitoa kwangu saa nne asubuhi kwa boda boda, ukaipanda saa sita juani, keshokutwa unanipigia simu kwamba nimekuuzia ugonjwa. Iweke kivulini siku tatu, halafu jua la asubuhi tu siku nne, halafu ndio upande, jioni.

Mashimo chimbeni sasa. Futi moja na nusu kila upande, udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Jua liuchome wiki tatu. Wakati wa kurudishia, ule wa juu ndio uende chini pamoja na samadi.

Na kuna mbolea ya bure watu wanaipita kila siku: alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano kwenye mipaka ya mashamba na kando ya njia. Majani yake yakikauka, takribani asilimia tatu na nusu ya uzito ni naitrojeni, na potasiamu inazidi hapo. Kata majani na ncha laini kabla haijachanua, katakata, fukia kwenye tuta wiki mbili kabla ya kupanda. Mabua magumu acha.

Shamba la Luchelele

Naomba kuuliza wakuu. Nina eneo karibu na ziwa, na magugu maji yamesukumwa na upepo yamejaa ufukweni. Nimefikiria niyavute nitandaze kwenye maua badala ya kununua maganda. Ni sawa? Pia nataka kusogeza bustani mpaka kwenye maji kabisa, udongo wa pale ni mweusi mzuri.

Bustani ya Miambani

La pili kwanza: usisogeze. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zaidi ya sheria, matete yaliyopo pale ndiyo yanayochuja udongo na mbolea visishuke ziwani, na samaki wanazalia humo. Acha matete yakae.

Magugu maji yanafaa, lakini kwa masharti. Usiingie majini kuyavuta kwa miguu mitupu. Kichocho kwetu Mwanza ni kingi, na konokono wanaokibeba wanakaa humo humo kwenye magugu. Tumia yale yaliyokwisha kutupwa nchi kavu na mawimbi, na uvae buti na glavu. Yaanike kwanza mpaka yawe makavu kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo toroli tano zitakupa kiroba kimoja. Kabla ya kuanika kata maua yote, kwa sababu mbegu zake zinaweza kukaa kwenye tope miaka zaidi ya 15 na bado zikaota. Mabaki usiyarudishe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Na yale yaliyo jirani na mitaro ya mjini au viwanda yaache, mmea ule unafyonza kila kitu kilichomo majini, hata madini yenye sumu.

Nikiliona ua lake huwa nasimama. Ni zuri kweli, zambarau hafifu, petali moja ya juu ina doa la njano kama jicho la tausi. Uzuri huo ndio uliolitoa Amerika ya Kusini. Watu walilibeba kama pambo la mabwawa ya bustani, likatoroka. Ziwani kwetu likaonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 ikabidi waachiliwe fukusi maalumu wa kulila. Sisi wapanda maua tuna deni hapo. Mtu akikuletea mche mzuri wa majini usioujua, uulize kwanza ulikotoka na unavyosambaa.

Mgeni wa Buswelu

Habari zenu. Mimi niliagiza vitunguu vya tulipu mtandaoni, picha zilikuwa nzuri sana, muuzaji akaniambia vinaota popote. Nimevipanda mara mbili, vinatoa majani mafupi halafu vinaoza. Ni udongo?

Kitalu cha Igoma

Pole dada. Siyo udongo wala siyo mkono wako. Tulipu inahitaji kulala kwenye baridi kali wiki 12 au zaidi ndipo kitunguu kitengeneze shina la ua. Usiku wa baridi kabisa wa Mwanza, Julai, ni nyuzi kama 15. Kwake huo ni usiku wa joto. Kuna watu wanaviweka kwenye friji miezi mitatu, vinachanua mara moja, halafu kitunguu kimekwisha. Ukitaka ua la kitunguu linalokaa miaka, tafuta amarilisi nyekundu, au lile la mpira la mzee. Yote mawili yanalala kiangazi na kuamka na mvua, hayahitaji friji.

Dada wa Nyegezi

Na sinia zangu zina unga mweupe kwenye majani, nikifuta kwa kidole unatoka, kesho upo tena.

Mzee wa Kisesa

Ubwiri unga huo, mayu. Umezibananisha. Ng'oa zilizozidi sana, zilizobaki ziwe na nafasi ya futi moja, maji yaende kwenye udongo siyo kwenye jani. Mbegu chukua kwenye zile ambazo hazikushikwa.

Dada wa Nyegezi

Sawa mzee, nimeshika. Na bogenvilia leo siku ya tisa sijaigusa, roho inaniuma lakini naiacha.

Bustani ya Miambani *(wiki tano baadaye)*

Wakuu, naleta mrejesho. Usiku wa kuamkia leo imenyesha, ya kwanza yenye uzito. Nilikuwa nimeweka kopo lenye kuta zilizonyooka juu ya paa la banda, asubuhi nikapima kwa rula: milimita 14. Nilitoka na tochi saa tisa usiku mvua ikiwa bado inapiga, kwa sababu nilitaka kuona mfereji unavyofanya kazi. Maji yalishuka kwenye jabali kama shuka moja, yakaingia kwenye mfereji, yakajaza beseni la kwanza mpaka ukingoni, yakamwagikia la pili kama nilivyopanga. La tatu limebomoka upande mmoja. Mawe niliyoweka pale ni madogo mno na yalikuwa yamekaa juu ya udongo badala ya kuzikwa. Nimeshakusanya makubwa zaidi, jioni nayazika nusu.

Mawaridi saba yote yana machipukizi ya urefu wa kiganja, mekundu, magumu kidogo, hayajakunjamana. Kichaka kimoja kina tumba mbili. Mama amekata kijiti kimoja kwenye kile cha waridi la pinki, amekichomeka kwenye shimo la mmoja wa wale wanne waliokufa, na juu yake amefunika kopo la kioo.

Dada wa Nyegezi, ya kwako imefikia wapi?

Dada wa Nyegezi

Kaka, imetoka. Upande wa jua wote ni zambarau, upande wa kivuli bado majani. Nimemuita fundi aje apunguze mwembe Jumamosi.